Panga la Kuazimana



Katika kikao chenu cha mwezi uliopita, mlipotualika sisi watu wazima wa kilima kuketi pamoja nanyi, mmoja wenu alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Aliuliza hivi: "Ninyi ambao wengi wenu hamkumaliza shule, na waliomaliza wamekwisha kusahau, mambo mnayoyajua leo mliyapata wapi?" Mmoja wetu akajibu upesi kwamba maisha ndiyo yaliyotufundisha, watu wakacheka, nanyi mkaendelea na ajenda. Lakini tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, jibu lile lilianza kutusumbua. Maisha yamewapiga wengi, na hawakujifunza lolote. Sisi wenyewe yametupiga mara nyingi, tukaondoka tu na maumivu.

Tukaanza kuhesabu. Fundi mwashi aliye kati yetu alijifunza kusimamisha kona ya nyumba kwa mume wa dada yake, aliyemchukua kubeba mchanga kwenye mjengo mmoja wa Bukavu. Mama anayewazalisha wanawake wetu kwenye kituo cha afya alipata sehemu ya ujuzi wake darasani, na sehemu kubwa zaidi kwa mwenzake wa zamu ya usiku, mwanamke mkali ambaye hakumpenda sana. Mshonaji wetu aliiba mshono wa kola kwa kumtazama jirani yake sokoni, meza kwa meza, miaka miwili, wala hakumwambia hadi leo. Kila jambo tulilolitaja lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa amefungamana nasi kwa namna fulani: kwa ndoa, kwa kazi, kwa deni, kwa ujirani, hata kwa ugomvi.

Basi tumekubaliana kuwaandikia jibu lililo bora kuliko lile la kwanza. Sisi ni watu kumi na tisa wa kikundi kimoja cha akiba na mkopo, MUSO kama mnavyoiita, na tunakutana kila Jumapili baada ya misa. Tutawaeleza jambo moja tu tulilojifunza tukiwa tayari watu wazima, tena kwa kuchelewa, na jinsi lilivyotufikia. Ni habari ya migomba.

Tunaishi juu ya ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Ninyi mmezaliwa huku, hamhitaji kuelezwa mgomba ni nini kwetu. Lakini labda hamkumbuki jinsi mashamba yalivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mwenye migomba mia moja hakuogopa mwezi wa Septemba, maana kila wiki mbili angekata mikungu miwili mitatu na minervali ya watoto ingelipwa kidogo kidogo. Kasiksi ya arusi ilitoka hapo, kivuli cha maharagwe kilitoka hapo, na majani ya kufunika ardhi isichukuliwe na mvua kwenye miteremko yetu. Mtu aliyeugua usiku alibebwa hospitali kwa fedha ya mkungu uliouzwa kabla haujakomaa.

Kisha majani yakaanza kunyauka. Mwanzoni tulidhani ni jua. Jani moja linakuwa manjano na kulegea kana kwamba limeunguzwa na moto wa mbali. Halafu la pili. Halafu mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ndizi nyingine za manjano na nyingine bado kijani kwenye chana kimoja, na ukizipasua ndani ni kahawia, hazifai kwa mtu wala kwa pombe. Ukikata shina, baada ya dakika chache linatoka tone la utomvu mzito wa manjano. Ng'ombe hawakutaka kula.

Leo tunajua ugonjwa huo unaitwa mnyauko wa migomba, na kwamba unaletwa na bakteria. Wataalamu waliueleza kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka huohuo katika Masisi, kaskazini mwa ziwa letu. Kwetu ulifika baadaye. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa. Hayo yote yalikuwa yakijulikana na watu fulani, mahali fulani, wakati sisi tulipokuwa tukitafuta mchawi.

Tunasema "mchawi" kwa aibu. Tulipaswa kuanza kwa hilo.

Kulikuwa na mzee mmoja ukingoni mwa kilima ambaye migomba yake ilibaki kijani wakati yetu ilipokuwa ikianguka. Mzee huyo hakuwa na urafiki na watu. Alikuwa ameshitakiana na majirani wawili kwa ajili ya mpaka wa shamba, alikuwa ameacha kuja kwenye vilio, na kwa miaka mingi hakumpa mtu chombo chake wala kuomba cha mtu. Tulitazama shamba lake lenye afya, tukatazama yetu, tukahitimisha kama watu wanaohitimisha kwa hofu. Usiku mmoja bati la nyumba yake lilipigwa mawe. Hatukurusha mawe sisi wenyewe. Lakini maneno yaliyoyatangulia yalipita katika vinywa vyetu, na katika kikundi chetu pia, kabla ya kuhesabu fedha.

Sababu ya shamba lake kupona ilikuwa mbele ya macho yetu, nasi hatukuwa na namna ya kuiona. Ugonjwa huu husafiri kwa mapanga. Unakata mgomba mgonjwa, bakteria inabaki kwenye chuma, unakata mzima, umeupanda ugonjwa. Husafiri pia kwa machipukizi yanayochukuliwa shamba moja kwenda jingine, na kwa nyuki na wadudu wengine wanaotembelea lile ua linaloning'inia chini ya mkungu. Sasa fikirini jinsi tulivyoishi. Mapanga mazuri yalikuwa machache, nasi tuliazimana. Kijana akioa, baba mkwe humpa machipukizi ya kuanzia shamba, na kumnyima ni kumtukana. Siku za salongo tuliingia katika shamba la mwenzetu watu kumi kwa mapanga kumi, kila mmoja akiwa ametoka kukata kwake asubuhi. Kila uzi wa undugu wetu ulikuwa njia ya ugonjwa. Mzee yule alipona kwa sababu hakuwa na mtu.

Alipokuja agronomu mara ya kwanza, tulimpokea vizuri. Alisimama mbele ya kanisa na picha kubwa, akaeleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili safi, kwamba mgomba ukiugua lazima kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake yote, kuyakatakata, kuyazika, na kuliacha eneo miezi sita bila kupanda migomba tena. Alipomaliza tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeng'oa.

Tumelifikiria sana jambo hilo, maana baadaye tulisikia watu wakisema wakulima wa huku ni wagumu wa kuelewa. Tulielewa. Tungeweza kumrudishia maneno yake yote jioni ileile. Lakini shina kubwa lenye vizazi vitano vya machipukizi ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye nguvu, na kati yetu kulikuwa na wajane na wazee. Tena, kila mmoja alitazama jirani yake. Hatukumjua mtu yeyote, hata mmoja, aliyewahi kung'oa migomba yake akabaki hai mwaka uliofuata. Agronomu alikuwa mtu wa kweli, aliyesema yaliyofundishwa kweli wakati ule, lakini alipoingia garini hakuacha nyuma yake mtu wa kuulizwa swali siku ya pili. Na sisi watu wazima maswali yetu huja siku ya pili, tukiwa shambani, na mikono ina udongo.

Katikati ya hayo mmoja wetu alinunua unga wa dawa. Aliuziwa na shemeji wa shemeji yake, mtu anayeimba kwaya, na kwa sababu hiyo hakuuliza unga ule umetengenezwa wapi. Aliumwagia migomba thelathini. Wengine watatu wakamfuata kwa sababu walimwamini yeye. Tunalitaja hili kwa haraka kwa kuwa mwenyewe bado yu kati yetu na hapendi kukumbushwa. Lakini mwone jinsi uongo ulivyofika shambani kwa siku nne, wakati ukweli wa agronomu ulikuwa umesimama mlangoni mwa kanisa miezi minane.

Ukweli uliotufaa uliletwa na dada mmoja ambaye hatukumtazamia. Yeye ni mchuuzi. Huchukua maharagwe na jibini kwa mashua hadi Goma, hurudi na sabuni na vitenge. Hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, hajui kusema mbele za watu, na shamba lake ni dogo kuliko ya wote. Huko Goma hulala katika nyumba moja pamoja na wachuuzi wengine wanawake, kila mmoja na pembe yake: wa Rutshuru, wa Masisi, wa Idjwi. Hawajuani sana. Huonana labda mara moja kwa mwezi, hupika pamoja, huachana. Usiku mmoja alilalamika juu ya migomba, na mama mmoja wa Masisi akamwuliza kwa mshangao: "Kwani ninyi mngali mnang'oa?"

Mama yule alimweleza kwamba kwao hawang'oi tena. Wanakata shina lililougua tu, usawa wa ardhi, mara wanapoona dalili, na kuyaacha mengine yaliyo mazima juu ya kisiki kilekile. Wanarudi kila wiki na kukata jipya lililougua. Baada ya miezi dalili zinapungua hadi karibu kwisha. Sababu, kama tulivyoelezwa baadaye, ni kwamba bakteria haivamii machipukizi yote ya kisiki kimoja. Mengi huponyoka, mradi mwenye shamba asiyakate na panga chafu. Panga hupitishwa motoni baada ya kila shina mpaka liwe moto wa kutoshikika, au hutumbukizwa katika javeli. Na lile ua la chini ya mkungu huvunjwa mapema, mara chana cha mwisho kinapotokea, kwa mti wenye panda, si kwa panga, ili wadudu wasipate pa kutua.

Kijana wetu mmoja anayefundisha sekondari alituambia, tulipomsimulia, kwamba jambo hili limeandikwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mafungamano hafifu. Aliwauliza wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyosikia habari za kazi mpya walizopata. Kati ya waliosaidiwa na mtu wanayemfahamu, zaidi ya nusu walisema mtu huyo walionana naye mara moja moja tu, na wengine wengi walisema kwa nadra sana. Waliosaidiwa na mtu waliyeonana naye mara kwa mara hawakufika hata mmoja kwa watano. Maelezo yake ni rahisi: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnakula pamoja na kuwasikiliza watu walewale. Jambo jipya hutoka kwa yule anayeishi kwenye mzunguko mwingine. Tulicheka kusikia kwamba mtu wa Boston alihitaji kuhesabu ili kujua hilo, kisha tukaacha kucheka, maana sisi hatukulijua. Jumapili zote zile tulikuwa tukiulizana sisi kwa sisi. Watu kumi na tisa, ujinga mmoja.

Kwa hiyo vita vinapofunga njia ya ziwa, msidhani kinachozuiliwa ni maharagwe na sabuni peke yake.

Lakini tungewadanganya tukisema habari ilipofika kazi ilikwisha. Dada yule alirudi, akamwambia wifi yake peke yake. Wawili wale walijaribu kwenye migomba sita nyuma ya choo, mahali ambapo wakishindwa hakuna atakayecheka. Ilichukua wiki nyingi kabla mtu wa tatu hajauliza kwa nini kuna moto mdogo unaowaka shambani asubuhi. Halafu ukaja ugumu mwingine ambao mama wa Masisi hangeweza kuusaidia, kwa kuwa ulikuwa wa kwetu.

Mmoja wetu alifanya kazi shambani kwa baba mkwe wake. Alijua kwamba panga la mzee lilipaswa kupita motoni. Alimwona mzee akikata mgonjwa, akisogea, akiinua mkono juu ya mzima. Naye akanyamaza. Mkwe atamwambiaje baba mkwe kwamba hajui kukata mgomba, jambo ambalo mzee alilifanya kabla yeye hajazaliwa? Ninyi mnacheka, lakini ngojeni mwoe. Siku ile walipoteza safu nzima, na kijana yule hakulala. Mwishowe ilibidi kumtafuta mzee mwingine, rika la baba mkwe, waliotahiriwa mwaka mmoja, aende kwake jioni na chupa ya kasiksi, wazungumze mambo mengine saa nzima, kisha aseme kana kwamba amekumbuka: "Mimi siku hizi panga langu nalichoma, naona inasaidia." Asubuhi yake mzee aliwasha moto mwenyewe. Hakumwambia mkwe wake lolote, naye mkwe hakuuliza.

Tulijifunza hivyo kwamba kati ya watu wazima neno lazima lipite mlango ulio wazi. Kwa wanawake lilipita kisimani na kwa wifi. Kwa vijana wa pikipiki lilipita pale wanapongojea abiria. Kwa wazee lilipita kwa marika. Kwa sisi wengine ilikuwa MUSO, kwa kuwa pale tumezoea kuambiana mambo yasiyopendeza: aliyechelewesha deni huambiwa mbele ya wote, basi aliyeacha ua la mkungu bila kulivunja aliambiwa pia. Tulitoa fedha ya mfuko wa kusaidiana tukanunua javeli. Tulibadilisha salongo: badala ya watu kumi na mapanga kumi, mapanga mawili tu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila moto.

Agronomu alirudi, na safari hii alikaa. Alikuwa sasa na utaratibu wa shamba-shule, ule ulioanzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, ambamo wakulima hukutana shambani kila wiki, hutazama wenyewe, hubishana, na mtaalamu huuliza zaidi ya kusema. Yeye ndiye aliyetueleza kwa nini njia ya mama wa Masisi inafaa, na mahali tulipokuwa tukiikosea. Maana tulikuwa tukichelewa kukata, tukingoja mkungu ukomae kwanza. Bila yeye tungebaki na desturi tusiyoijua maana yake. Nasi tulimfundisha jambo: nani aketi karibu na nani, na kwa nini wajane hawaji saa ya asubuhi. Aliandika hayo katika daftari lake kwa makini kama alivyoandika hesabu za migomba.

Baada ya mwaka mmoja hivi mashamba yetu yalianza kusimama. Hayakurudi kama zamani. Kuna aina za ndizi za pombe ambazo hatuzioni tena. Lakini Septemba ile watoto wengi walirudi shule.

Tungependa kuishia hapo. Lakini yupo yule mzee wa ukingoni.

Wadudu hawajui ugomvi wa mipaka. Migomba yake nayo iliugua, kwa kuchelewa, wakati ambapo sisi tulikuwa tumekwisha kujua la kufanya. Yeye hakuwa katika MUSO, kwa kuwa hakuwa na fedha ya kila juma na hata angekuwa nayo hatujui kama tungempokea. Hakuwa na rika la kumtembelea jioni. Mke wake alikuwa amekufa, na kisimani hakuna aliyemtuma. Ujuzi ulizunguka kilima chote kama maji yanavyozunguka jiwe. Tulimwona kwa mbali aking'oa mashina yake mmoja mmoja, peke yake, kama tangazo la kwanza lilivyosema mlangoni mwa kanisa. Kumbe siku ile alikuwa amesimama nyuma na kusikiliza. Yeye ndiye mtu pekee wa kilima hiki aliyetii. Alifanya kazi hiyo miezi miwili, na mgongo wake haukupona.

Hatuwezi kusema hatukujua. Njia ya kwenda sokoni hupita kwenye ua wake. Wakati wa msimu ule tulipita pale mara ngapi, tukiwa na mapanga yetu yaliyochomwa vizuri? Alipokufa mgomba wake wa mwisho ndipo watatu kati yetu walipokwenda kwake. Hawakwenda kwa wema mtupu. Agronomu alikuwa ametuonya kwamba shamba gonjwa lililoachwa ni hatari kwa majirani. Wakamweleza yote, kukata, moto, ua, mti wenye panda. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mlikuwa mnapita hapa kila siku."

Hakuongeza neno, nao hawakuwa na jibu. Tuliporudishiwa maneno hayo Jumapili, tulikaa kimya muda mrefu, na fedha hazikuhesabiwa siku hiyo. Baadhi yetu walisema yeye mwenyewe alijitenga. Ni kweli, alijitenga. Lakini sisi tulimwita mchawi kwa sababu alikuwa na afya, na tulimwacha afe njaa kwa sababu aliugua, na katika mambo yote mawili kosa lake lilikuwa lilelile: hakufungamana na mtu. Hatujapata namna ya kulisema hilo ikawa nyepesi.

Tulifanya machache. Jumamosi tatu tulikwenda kusafisha shamba lake, akaturuhusu. Tulimpa machipukizi safi kutoka shamba ambalo halikuwa limeona ugonjwa, akayapokea bila kushukuru, na haki alikuwa nayo. Kuhusu mawe, wawili kati yetu walikwenda kumwomba msamaha. Alichowajibu ni siri yake na yao. Katika MUSO tulihamisha mkutano. Zamani tulikutana ndani ya nyumba ya mweka hazina; sasa tunakutana chini ya mwavocado kando ya njia, na kabla ya kufungua sanduku la fedha tunatoa nusu saa ya habari za shamba, ambayo mtu yeyote apitaye anaweza kusimama na kusikiliza, awe amelipa au hajalipa. Wengine walipinga, wakisema watu watakula jasho letu. Bado wanapinga. Siku nyingine hakuna anayesimama.

Ninyi mna simu, na tunajua kwamba katika simu zenu kuna vikundi ambamo picha ya jani gonjwa hutumwa asubuhi na jibu hupatikana kabla ya mchana. Tunafurahi. Hata hivyo tungewaomba mtazame majina yaliyomo katika kikundi, kisha mpande juu ya kilima mtazame nyumba, na kuona ni moshi upi usio na jina.

Mzee hajawahi kusimama chini ya mwavocado. Lakini juma lililopita alimtuma mjukuu wake kwa fundi mwashi, kuomba panga. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa kadiri tunavyokumbuka. Fundi alilipitisha motoni kwanza, akangoja lipoe, akampa mtoto. Lilirudishwa jioni ileile, na ubapa wake ulikuwa mweusi kwa moshi mpya.